Kamera Isiyo na Haraka

Mhusika mkuu wa Wend Kuuni hasemi. Kwa sehemu kubwa ya filamu hii ya mwaka 1982 mtoto huyo hatamki neno, na mwongozaji Gaston Kaboré hakumtafutia njia ya mkato. Hakuna sauti ya moyoni inayotunong'oneza anachowaza, wala muziki mzito wa kutuamuru tumwonee huruma. Mtoto anachunga mbuzi, anakula, anasikiliza, analala. Tunabaki na uso wake, mabega yake, na jinsi anavyosimama pembeni wakubwa wakizungumza. Mwanzoni utaona kama filamu haiendi. Baada ya muda jicho linatulia, na unajikuta unafuatilia mkono wa mtoto, shingo ya mtoto, kwa umakini ambao filamu nyingi hazijawahi kukuomba.

Wend Kuuni ina dakika 75 tu. Kwangu ni miongoni mwa kazi bora kabisa za sinema zilizotengenezwa popote duniani katika miaka ya themanini, na ni wachache sana kati yetu walioiona.

Tukitaja sinema za miaka ile huku kwetu, majina yanakuja yenyewe: Rambo, Commando, Amitabh Bachchan, Mithun na Disco Dancer yake, karate za Hong Kong. Watu walizitazama katika kumbi za Empire, Empress na Avalon pale Dar es Salaam, na baadaye kwenye mabanda ya video uswahilini, wakijua tangu mwanzo kwamba steringi hafi na adui mkubwa atauawa mwisho. Picha hizo zilileta furaha ya kweli na sizidharau hata kidogo. Lakini katika miaka hiyohiyo, kwenye nchi isiyo na bahari wala utajiri, mafundi wachache walikuwa wanatengeneza sinema ya namna nyingine, sinema ambayo mtu mmoja kuvuka uwanda kwa miguu ni tukio linalotosha. Paris na Cannes waliitazama na kuipa tuzo. Sisi Waafrika wa upande huu ndio tuliopitwa.

Nchi hiyo ni ile ambayo tangu Agosti 1984 inaitwa Burkina Faso. Kabla ya hapo ilikuwa Upper Volta. Wend Kuuni haikuzuka tu kama uyoga. Hadi mwishoni mwa miaka ya sitini, kampuni mbili za kigeni, COMACICO na SECMA, ndizo zilizoamua picha gani zionyeshwe katika kumbi za Afrika Magharibi iliyotawaliwa na Ufaransa. Mwaka 1970 serikali ya Ouagadougou ilitaifisha kumbi za nchi yake, na sehemu ya mapato ya tiketi ikatengwa kwa ajili ya kutengeneza filamu za nyumbani. Maana yake ni kwamba mtu aliyelipa kiingilio kutazama picha ya mapigano ya kigeni alikuwa anachangia, pengine bila kujua, filamu ya kwao ambayo ilikuwa bado haijaandikwa. Tamasha la filamu la FESPACO lilikuwa limeanza hapo Ouagadougou mwaka 1969. Mwaka 1976 ikafunguliwa shule ya filamu, INAFEC, katika Chuo Kikuu cha Ouagadougou, na Kaboré alikuwa mmoja wa walimu wake. Alikuwa amesoma historia Paris kabla ya kugeukia sinema, na mafunzo hayo ya kwanza yanaonekana katika kila kitu alichotengeneza. Idara ya sinema ya serikali ndiyo iliyogharimia filamu yake.

Wapo wanaosema filamu za namna hii ni za polepole kwa sababu watengenezaji hawakuwa na fedha. Hesabu inasema kinyume. Mkanda wa milimita 35, uliokuwa kipimo cha sinema za kumbini, hupita ndani ya kamera kwa fremu 24 kila sekunde, yaani takriban mita 27 kwa dakika. Bunda la mita 122 huisha baada ya dakika nne na nusu hivi. Ukiamua kumpiga picha mtu anayetoka mbali hadi akufikie bila kukata, na mtu huyo akajikwaa, au mbuzi akaingia pale asipotakiwa, au wingu likaziba jua, mita zote zile zimekwenda. Mkanda ulinunuliwa ng'ambo, ukasafishwa ng'ambo, na mwongozaji hakuwa na kioo cha kumwonyesha palepale alichokipata. Mtu mwenye mfuko mwembamba angelazimika kukata mapema, kuchukua vipande vifupi vifupi na kuviunga baadaye, maana kipande kifupi kikiharibika hasara ni ndogo. Subira ndiyo iliyokuwa ghali. Kaboré na wenzake waliichagua wakijua bei yake, na walihitaji mazoezi na utulivu wa kutosha ili wasilazimike kurudia.

Tuirudie hadithi yenyewe. Wend Kuuni inaanza ndani ya nyumba ambamo mwanamke analia. Mumewe, mwindaji, amepotea siku nyingi na anahesabiwa kuwa amekufa. Mama huyo anaambiwa aolewe na mwingine, naye hataki. Halafu Kaboré anaondoka. Haelezi mama ni nani, wala yaliyompata. Tunaingia porini, ambako mchuuzi aliyepanda punda anamkuta mvulana amelala chini, hana fahamu. Mchuuzi anampa maji, anambeba hadi kijiji cha karibu, anawaachia wanakijiji, anaendelea na safari yake. Wanakijiji wanauliza huku na huko mtoto ni wa nani. Hakuna anayemjua, naye mwenyewe hawezi kujieleza. Mzee Tinga na mkewe Lale wanamchukua awe mtoto wao. Wanampa jina Wend Kuuni, zawadi ya Mungu, na binti yao Pognéré anapata kaka.

Baada ya hapo, kwa muda mrefu, kinachotokea ni maisha. Msimulizi alikwisha kutuambia kwamba hizi ni zama za kabla ya wazungu kufika, wakati dola ya Wamossi imestawi na maghala yamejaa nafaka. Kaboré anatuonyesha kustawi huko kwa kazi: kutwanga, kuteka maji, kuchunga, kwenda sokoni. Wapiga picha wake, Issaka Thiombiano na Sékou Ouedraogo, mara nyingi wameiweka kamera mbali kidogo, mahali ambapo mgeni mwenye adabu angesimama kabla ya kukaribishwa. Kutoka hapo mtu anaonekana mzima, kuanzia kichwa hadi miguu, pamoja na nyumba yake, ua wake, na mtu mwingine anayepita nyuma akiwa na shughuli zake. Hakuna anayekatwa kutoka kwenye kijiji chake ili awe uso mkubwa juu ya kitambaa cheupe. Ndiyo maana uso unapokuja kuletwa karibu, unakuwa na uzito. Muziki wa René B. Guirma nao umetumiwa kwa kipimo hichohicho. Unaingia, unafanya kazi yake, unaondoka.

Pognéré ndiye anayeipa filamu mdundo wa moyo. Rosine Yanogo anamwigiza kama mtoto ambaye maswali yamemjaa hadi kooni. Anataka kwenda machungani na kaka yake, lakini uchungaji ni kazi ya wavulana. Wasichana wanabaki nyumbani. Anazungumza na mtu asiyeweza kumjibu, na hachoki. Serge Yanogo, anayeigiza Wend Kuuni, anampokea kwa macho na kwa tabasamu dogo, na mapenzi ya watoto hawa wawili yanakua mbele yetu bila tamko lolote. Waongozaji wengi hushindwa kuwaongoza watoto. Huwageuza wakubwa wadogo, au huwataka wapendeze. Kaboré aliwaacha wawe na haya yao, na haya ni kitu kigumu sana kukamatwa na kamera.

Kisha kijiji kinapata mtikisiko. Bila, mume mtu mzima aliyepewa mke kijana, anagombana na mkewe Timpoko, na Timpoko anamwaibisha mbele za watu kwa kutangaza kwamba mumewe hana nguvu za kiume. Ni tukio lenye kelele katika filamu ya ukimya, na kwa kuwa tumeishi katika ukimya huo kwa muda, kelele zake zinauma zaidi. Bila anajinyonga. Wend Kuuni ndiye anayeukuta mwili unaning'inia mtini, na mshtuko huo unamrudishia sauti.

Hapa ndipo ninapouona ufundi mkubwa kuliko wote katika filamu hii. Tangu mwanzo tulikuwa na msimulizi aliyetuongoza kwa sauti ya mtu mzima anayejua mambo ya kale. Sasa mtoto, akiwa ameketi na Pognéré, anaichukua hadithi kutoka kwa msimulizi huyo na kuimaliza mwenyewe. Yule mama aliyelia mwanzoni alikuwa mama yake. Alipokataa kuolewa tena, mtoto wake alipougua na mambo yalipoharibika, watu walimwita mchawi wakamfukuza. Alikimbia na mwanawe hadi nguvu zikamwishia porini, akafa hapo. Mtoto aliamka akamkuta hivyo, akakimbia mpaka akaanguka. Kaboré alikuwa ametuwekea jambo hili mkononi katika dakika ya kwanza, akatuacha tulishike kwa saa nzima bila kujua tumeshika nini.

Ukiitazama mara ya pili, mpangilio mwingine unajitokeza. Mama alikataa mume aliyelazimishwa, akafukuzwa. Timpoko alipewa mume asiyemtaka, akapiga kelele, na matokeo yake yakawa kifo. Na kati yao yupo Pognéré, msichana mdogo anayeuliza kwa nini yeye asichunge mbuzi. Filamu haitoi hotuba kuhusu wanawake hawa watatu. Imewaweka tu katika mstari mmoja, basi. Msomi wa Mali Manthia Diawara aliandika juu ya Wend Kuuni kwamba inatumia umbo la ngano za kale na wakati huohuo inakwenda kinyume nazo: ngano hurudisha mambo mahali pake, ilhali filamu hii inaonyesha kwamba mahali penyewe palikuwa na dosari. Nakubaliana naye. Kaboré aliturudisha kwenye zama za shibe na heshima, zama ambazo hakuna mkoloni wa kulaumiwa, kisha akatuonyesha mama anayefia porini kwa sababu jirani zake wameamua ni mchawi. Katika bara lililokuwa linajitafutia sifa katika historia yake, hilo lilihitaji ujasiri.

Mwaka 1985 filamu hiyo ilipata tuzo ya César ya Ufaransa kwa filamu bora ya nchi zinazotumia Kifaransa. Ndani yake watu wanazungumza Kimoore, lugha ya Wamossi.

Mwaka 1989 ukaja Yaaba. Mwongozaji wake, Idrissa Ouedraogo, alipita INAFEC, akasoma kidogo Kiev, akamalizia Paris, kisha akarudi kutengeneza filamu katika kijiji cha Tougouzagué, karibu na Ouahigouya, kaskazini mwa Burkina Faso, eneo alilolifahamu tangu utotoni. Waigizaji wengi walikuwa wanakijiji ambao hawakuwa na taaluma ya uigizaji. Bila (jina lilelile, mtu mwingine kabisa) ni mvulana mchangamfu. Nopoko ni binamu yake, msichana aliyefiwa na mama. Pembezoni mwa kijiji anaishi Sana, mwanamke mzee sana ambaye watu wamekubaliana kumwita mchawi. Moto ukitokea, ni Sana. Mtu akiugua, ni Sana. Bila anamkaribia, anamwibia kuku jirani ili wale pamoja, na anaanza kumwita yaaba, yaani bibi. Hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo.

Fatimata Sanga, aliyeigiza Sana, ni mmoja wa watu ambao sinema inawapata mara moja na haiwapati tena. Ni mrefu, mkondefu, mgongo umenyooka licha ya umri, na anatembea kwa hatua ambazo hazimwombi mtu radhi. Ouedraogo alielewa kwamba akiwa na mtu huyo hana haja ya maneno mengi. Nopoko anapougua pepopunda baada ya kukatwa na kisu, na waganga wa karibu wanaposhindwa, Sana anaanza safari kwenda kumtafuta mganga Taryam, ambaye yuko mbali. Mpiga picha Matthias Kälin, Mswisi, anamweka mzee huyo, akionekana mdogo kabisa, katikati ya uwanda mpana wa udongo mwekundu, na anamwacha atembee. Hatukatiwi safari. Tunauona umbali kwa miguu ya mwanamke mzee, na kufikia hapo hakuna anayehitaji kutuambia kwamba anampenda mtoto ambaye watu wa kijiji hawataki hata amguse. Muziki ni wa Francis Bebey wa Cameroon, na mara nyingi ni ala chache tu.

Kuna jambo jingine katika Yaaba ambalo nalistahi sana. Kijijini yupo Koudi, mke wa mlevi Noaga, mwenye uhusiano na mwanamume mwingine. Filamu nyingine ingemwadhibu. Hapa Sana anamwambia Bila asimhukumu mwanamke yule, pengine ana sababu zake. Na baadaye Bila analipeleka neno hilohilo kwa Nopoko, kwa uzito wa mtoto aliyepokea siri kubwa. Mlevi mwenyewe, ambaye kijiji kinamcheka, ndiye anayekuja kumsaidia Bila kumzika bibi yake, na ndiye anayejua kisa kizima: mama wa Sana alifariki wakati wa kumzaa, baba akafuata kwa majonzi, na kuanzia siku hiyo mtoto mchanga akahesabiwa kuwa ana laana. Uchawi wote aliobebeshwa maisha yake yote ulikuwa kuzaliwa. Ouedraogo anatupa habari hiyo kwa sentensi chache, tena kupitia mdomo wa mtu tuliyekuwa tumeacha kumsikiliza, na haongezi kitu.

Msomaji wa Tanzania hatahitaji mwalimu wa kumweleza. Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga, miaka hiyo ya themanini na baada yake, kwa sababu macho yao ni mekundu, macho ambayo moshi wa kuni za kupikia ungeweza kuyafanya hivyo. Pwani ya Kenya, Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo. Tumesikia mahubiri, tumesoma makala za haki za binadamu, tumeona mabango. Sijui bango lililowahi kumfanya mtu ampende kikongwe. Yaaba inafanya hivyo kwa dakika 90, kwa kuwa inatupa muda wa kutosha wa kukaa na Sana kabla hatujaulizwa tunamwonaje.

Yaaba ilipokea tuzo ya wakosoaji wa filamu, FIPRESCI, kwenye tamasha la Cannes mwaka 1989. Na sifa hizo za Ulaya zilileta lawama nyumbani. Baadhi ya wakosoaji Waafrika waliziita filamu za namna hii sinema ya vibuyu: vijiji, nyumba za udongo, hekima za wazee, vitu ambavyo Mzungu anapenda kuviona. Lawama hiyo haikuwa ya kipuuzi. Zipo filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya macho ya mgeni, na zinanuka mbali. Lakini kuwatupia Kaboré na Ouedraogo lawama hiyo ni kutokutazama. Kijiji chao hakina mapambo. Kina wivu, uvivu, ulevi, uongo, na watu wema wachache ambao hawajui kama ni wema. Kaboré mwenyewe, mwaka 1988, alitoa Zan Boko, filamu kuhusu kijiji kinachomezwa na jiji la Ouagadougou linalotanuka. Wapimaji wanafika, majirani wanauza na kuhama, na tajiri aliyejenga pembeni anautaka uwanja wa mkulima mmoja ili achimbe bwawa la kuogelea. Mwandishi wa habari anapomwalika mkulima huyo kwenye kipindi cha televisheni, wakubwa wanaamuru matangazo yakatwe. Mtu yeyote aliyeona kiwanja cha mzazi wake kikigeuzwa ramani ya mtu mwingine ataijua filamu hiyo kwa ndani.

Yeelen ya Souleymane Cissé, kutoka nchi jirani ya Mali, ni ya namna nyingine kabisa. Ilitoka mwaka 1987 na kupata Tuzo ya Baraza la Waamuzi huko Cannes mwaka huohuo. Ni hadithi ya Kibambara ya baba, Soma, mwenye elimu ya siri ya chama cha Komo, anayemsaka mwanawe Nianankoro amuue kabla kijana hajamfikia kwa nguvu. Cissé alisomea sinema Moscow, na angeweza kutafuta mashine na hila za studio kuonyesha uganga huo. Hakufanya hivyo. Kijana anawasimamisha maadui, nao wanasimama kweli, mwigizaji ametulia tu palepale na upepo unapita. Anawaitia nyuki na moto, na nyuki na moto vinakuja. Mbwa anatembea kinyumenyume. Mama wa Nianankoro, amesimama ndani ya maji, anajimiminia maziwa kichwani akimwombea mwanawe, na hilo nalo ni uganga, pengine mkubwa kuliko mwingine wowote ndani ya filamu. Baba na mwana wanapokutana mwisho, Cissé anatuwekea nyuso zao kwa muda mrefu, kisha simba, kisha tembo, kisha mwanga unaokula kila kitu. Naamini kila kitu ninachoonyeshwa. Filamu nyingi za leo zenye bajeti ya kujenga bandari hazijapata kuniaminisha hivyo.

Wend Kuuni na Yeelen zilipita mikononi mwa mhariri mmoja, Mfaransa Andrée Davanture, ambaye alihariri pia kazi nyingine za Cissé na za Kaboré. Jina lake halijulikani na watazamaji, na kazi yake ni ya kuondoa, kwa hiyo ikifanywa vizuri haionekani. Zitazame filamu hizi mbili kwa kufuatana uone jinsi alivyosikiliza. Ya Kaboré inapumua kama mwendo wa kijiji, ya Cissé inakaza na kulegea kama ibada. Angekuwa na mtindo wa kulazimisha, zingefanana. Hazifanani hata kidogo. Kinachozifungamanisha ni uamuzi wa kutokata picha kabla haijamaliza kusema lake.

Na sisi? Tanzania ilijaribu. Mwaka 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya Kiswahili ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, juu ya mwanamke kijana ambaye hospitali haikumponya na ambaye anawaogopa waganga wa jadi. Inastahili kutajwa pamoja na zile za Burkina Faso kwa sababu inamtazama mgonjwa wake kwa staha ileile, bila kumfanya mfano wa ushirikina wala mfano wa utamaduni. Miaka hiyohiyo Martin Mhando naye alikuwa kazini. Kilichokosekana kwetu ni kile Ouagadougou ilichokijenga kuanzia 1969: tiketi ya leo inayolipia filamu ya kesho, shule, na tamasha la kudumu.

Kaboré aliendelea kusubiri hata baada ya miaka ya themanini kwisha. Mwaka 1997 alitoa Buud Yam, mwendelezo wa Wend Kuuni, na aliyemwigiza Wend Kuuni mtu mzima ni Serge Yanogo yuleyule, amekua. Pognéré anaugua, na kaka yake anaanza safari ndefu kumtafuta mganga. Filamu hiyo ilitwaa Farasi wa Yennenga, tuzo kuu ya FESPACO, mwaka huohuo. Ouedraogo alifariki Februari 2018, Cissé Februari 2025.

Tamthilia za Kituruki na za Kikorea zinawekewa sauti za Kiswahili kila siku, na zinapendwa. Kazi hiyohiyo ifanyike kwa filamu hizi nne au tano. Watu wenye ujuzi wapo, studio zipo, na Kimoore au Kibambara si kigumu kutafsiri kuliko Kikorea. Wanaoandaa maonyesho ya filamu Zanzibar, Bagamoyo na Nairobi wanaweza kuzitafuta na kuziweka jioni, mahali penye watu, bila kiingilio cha kutisha. Walimu wa fasihi simulizi wanaweza kuiweka Wend Kuuni mbele ya wanafunzi wao na kuwauliza ngano hii imemaliziwa na nani. Vijana wanaotengeneza filamu kwa simu, ambao hawalipii mita hata moja ya mkanda, wanaweza kujifunza hapo kwamba kamera inayotulia huona zaidi. Nawe msomaji, ukiipata hata moja, itazame hadi mwisho kabla hujaamua. Anza na Yaaba ikiwa una watoto nyumbani, na Wend Kuuni ukiwa na watu wazima wenzako.